Modi Bora ni Ile Inayokunyima

Mtu akiniuliza aanze na modi zipi, yaani nyongeza na marekebisho ya gemu yanayotungwa na wapenzi wake, katika gemu ya Skyrim, aghalabu huwa ameshachagua kabla ya kuuliza: anataka nyasi nene, maji yanayometameta, ngozi zinazoonyesha hadi vinyweleo na panga ambazo hata mashujaa wa hadithi hawakuzishika. Simlaumu, kwa sababu picha ndiyo kitu cha kwanza kuchakaa katika gemu ya mwaka 2011, na ndiyo inayopata sifa katika video za watu wanaojivunia kompyuta zao. Lakini baada ya kuzicheza kwa miaka mingi gemu za aina hii, yaani zile ambazo mchezaji hujitungia mhusika wake kisha akaachiwa nchi nzima aizunguke atakavyo, nimefikia msimamo ambao wenzangu wengi huuona wa ajabu: modi zinazoziboresha kweli ni zile zinazomnyima mchezaji kitu, wala si zile zinazomrundikia.

Tuitazame Oblivion, iliyoitangulia Skyrim katika mfululizo uleule wa The Elder Scrolls na kutoka Machi 2006. Watengenezaji wake, Bethesda, walitaka mchezaji aweze kwenda popote tangu saa ya kwanza bila kukutana na adui asiyemweza, kwa hiyo wakaufanya karibu ulimwengu wote ukue sambamba naye. Kila ulipopanda ngazi, na wengine walipanda. Ikafika wakati mnyang'anyi wa barabarani anakusimamisha porini akiwa amevalia deraya ya kioo ambayo bei yake ingetosha kununua kibanda kule bandarini mwa jiji kuu, na huku anakutisha umpe sarafu 100. Mchezaji aliyehangaika kujinoa hakuwa na faida kubwa juu ya yule aliyeanza jana, na wajuzi waligundua haraka kwamba njia nyepesi ya kulimaliza simulizi kuu ni kutopanda ngazi kabisa. Gemu iliyojengwa juu ya wazo la kukua ikawa inamwadhibu anayekua.

Walioitibu hali hiyo ni wapenzi wa gemu wenyewe. Modi iliyopata umaarufu zaidi, Oscuro's Oblivion Overhaul, iliondoa sehemu kubwa ya ulinzi huo: ikaweka mahali ambapo ukiingia mapema utauawa, na mahali ambapo ukifika umechelewa hutapata upinzani wowote. Ghafla ramani ikawa na maana. Pango fulani ulilikimbia, ukalikumbuka, ukaapa kurudi, na siku uliyorudi ulijua umebadilika kwa sababu pango lenyewe halikubadilika. Mtunzi wa modi hiyo baadaye aliajiriwa na Obsidian, kampuni nyingine ya gemu, na kushiriki katika kutengeneza Fallout: New Vegas ya mwaka 2010, nayo ni gemu ambayo, pale mwanzo kabisa, huziba njia fupi ya kaskazini kwa viumbe wa kutisha na kukulazimisha uzunguke kusini. Sijui kama ni yeye aliyewaweka, na wala haidhuru. Fikra ni ileile.

Skyrim ilipunguza tatizo hilo bila kulimaliza, na modi iitwayo Requiem ndiyo iliyomalizia kazi. Humo wafu wanaotembea katika makaburi ya kale hawajali mishale yako, majeraha hayajiponi yenyewe kama ilivyozoeleka, na mhusika mpya akijitia ujasiri wa kuingia kaburini bila maandalizi hatoki. Wapo wanaoichukia. Mimi naiona kuwa kali kupita kiasi katika baadhi ya mambo, hasa mizigo, lakini ndiyo iliyonifanya nianze kununua dawa madukani na kuuliza habari kabla ya safari, mambo ambayo gemu yenyewe ilikuwa nayo tangu mwanzo bila kunipa sababu ya kuyatumia.

Hapo ndipo penye kiini cha hoja yangu. Gemu hizi zimejaa vitu vilivyotengenezwa kwa uangalifu mkubwa ambavyo mchezaji hupita bila kuvigusa, kwa sababu gemu yenyewe imempa njia ya mkato. Nyumba za wageni zina vitanda na supu, lakini huna usingizi wala njaa. Mijini kuna mikokoteni ya kukodi, lakini ukibonyeza ramani unatokea popote ulipowahi kufika. Skyrim ni nchi ya theluji na upepo mkali, lakini katika gemu ya asili unaweza kuogelea kati ya mabarafu ya Bahari ya Mizimu ukiwa uchi, ukatoka na kuendelea na safari kana kwamba umetoka kuoga ufukweni Bamburi. Mwaka 2012 ilipotoka Frostfall, modi iliyoleta baridi yenye kuua, hapakuwa na kitu kikubwa kilichoongezwa kwa macho. Kilichotokea ni kwamba moto, kofia, hema na mlango wa nyumba ya wageni vyote vilipata kazi. Njia ya mlimani iliyokuwa mapambo ikawa uamuzi: nipite leo, au nisubiri dhoruba itulie?

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa mshale wa kuelekeza, ile alama inayoelea juu ya dira kukuonyesha unakotakiwa kwenda. Katika Morrowind ya mwaka 2002, iliyoitangulia Oblivion, haikuwapo. Mtaalamu wa mambo ya kale mjini Balmora alipokutuma kwenye magofu ya Arkngthand, alikueleza kwa maneno: toka mjini upande wa kusini, vuka mto Odai, fuata kibao cha kuelekea ngome ya Moonmoth, kisha kaskazini mashariki yake utaona daraja la kale linalovuka bonde. Uliyaandika, ukapotea, ukarudi hadi kwenye kibao, kama anavyofanya mgeni aliyeelekezwa duka Kariakoo. Katika Skyrim wahusika hawatoi tena maelezo hayo. Wanakwambia kuna pango, na mshale unafanya mengine. Ndiyo maana kuuzima mshale peke yake hakusaidii, kwani kitabu chako cha kumbukumbu hakisemi pango liko wapi. Ilibidi atokee mtu wa kujitolea aandike upya maelekezo ya kazi moja baada ya nyingine, na modi yake, Even Better Quest Objectives, ni mistari ya maandishi tu. Haina picha hata moja ya kuvutia. Ukiiweka na kuuzima mshale, utaanza kutazama milima, mito na minara ambayo wachoraji wa Bethesda waliihangaikia kwa miaka, badala ya kutazama kialama cheupe juu ya kioo.

Najua pingamizi. Mtu anayerudi nyumbani saa mbili usiku baada ya foleni, mwenye saa moja tu kabla ya kulala, hataki kuambiwa atembee kwa miguu kutoka mji wa Whiterun hadi mji wa Riften akitafuta kuni. Kwake usafiri wa haraka ni rehema. Sina ugomvi naye, na uzuri wa modi ni kwamba hakuna anayelazimishwa. Hata hivyo nimeona mara nyingi kuwa anayelalamika kwamba gemu hizi zinachosha ndiye anayezicheza kwa kurukaruka kutoka alama hadi alama, na anachochoka nacho ni huko kurukaruka. Amepita katika nchi nzima bila kukaa mahali.

Kuna pia suala la mfuko, ambalo waandishi wa nje wenye kompyuta nzito hawaligusi. Kwa wengi wetu kompyuta ya kuchezea ni ya mtumba, kadi yake ya michoro ni ya kizamani, na kila gigabaiti inahesabiwa kwenye bando. Mkusanyiko mmoja wa picha za ubora wa juu unaweza kula bando la mwezi mzima na baadaye kuifanya kompyuta ikohoe kila unapogeuza kichwa. Modi ya kanuni, yaani inayobadilisha sheria za gemu badala ya picha zake, kinyume chake mara nyingi haizidi megabaiti chache. Mwenye kompyuta dhaifu kabisa anaweza kuigeukia Morrowind kupitia OpenMW, injini huria (programu inayoiendesha gemu) iliyoandikwa upya na wanaojitolea, ambayo humhitaji tu awe na mafaili ya gemu ya asili, na hapo atapata gemu yenye kunyima kwingi bila kuongeza modi hata moja.

Kunyima kunatakiwa pia katika idadi. Skyrim ya mwanzo ilikuwa programu ya biti 32 isiyoweza kutumia memori zaidi ya gigabaiti 4, na plagini zake, yaani mafaili ambayo modi huingilia kwayo katika gemu, zilikuwa na ukomo wa 255. Toleo la Special Edition la mwaka 2016 lilihamia biti 64, baadaye zikaja plagini nyepesi zisizohesabiwa katika ukomo huo, na tangu hapo watu wakapoteza breki. Utaona mtu ana mamia ya modi, mbili kati yake zinabadilisha kijiji kilekile, tatu zinagombania kanuni ileile ya mapigano, halafu anashangaa gemu inapojifunga akiwa mlangoni. Mpangilio wa plagini una kanuni moja kubwa ambayo haikwepeki: mbili zikigusa kitu kimoja, iliyopakiwa mwisho ndiyo inayoshinda. Programu kama LOOT husaidia kupanga, lakini haiwezi kukuamulia unataka gemu ya namna gani. Na modi yenye skripti, yaani maagizo yanayoendelea kufanya kazi ndani ya gemu, haing'olewi katikati ya safari, kwa sababu mabaki yake hubaki ndani ya faili ulilohifadhi na kulioza polepole. Anayechagua chache na kuzisoma maelezo yake kwanza hucheza. Anayekusanya hutumia jioni zake kutafuta kosa.

Nikisema kunyima simaanishi kwamba kuongeza ni haramu. Enderal, iliyotengenezwa na kundi la Wajerumani la SureAI na kutolewa mwaka 2016, ni nchi mpya kabisa iliyojengwa juu ya injini ya Skyrim. Fallout: London ya Julai 2024 imeihamisha Fallout 4 kutoka Boston hadi Uingereza. Kazi za namna hii naziheshimu sana, ila siziiti maboresho. Ni gemu nyingine zilizopanga katika nyumba ya wenzao. Tena, hao wa Enderal, walipopata uhuru wa kufanya watakalo, moja ya mambo waliyofanya ni kuuondoa usafiri wa bure wa kubonyeza ramani na kuweka wanyama wa kuruka wanaotoza nauli pamoja na hati za uchawi zinazonunuliwa. Waliongeza nchi na wakaipunguza njia ya mkato.

Linalonitia wasiwasi ni fedha. Aprili 2015 Valve, wenye duka la gemu la Steam, na Bethesda walifungua mlango wa kuuza modi za Skyrim, mtunzi akipata asilimia 25 ya bei, na ndani ya siku chache makelele yaliwalazimisha kuufunga. Mlango ulifunguliwa tena kwa namna nyingine mwaka 2017, na kwa upana zaidi Desemba 2023. Siamini kwamba mtunzi hastahili kulipwa. Anastahili, na asilimia 25 ilikuwa aibu. Ila soko lina ladha yake. Tangu Bethesda ilipoiuza deraya ya farasi katika Oblivion mwaka 2006, kinachouzika kwa urahisi ni kile unachoweza kukipiga picha: upanga, nyumba, kipando. Nani atatoa fedha ili baridi imuue, mshale wake uzimwe na maelekezo yaandikwe upya kwa mistari? Ni kweli kwamba Survival Mode, hali ya njaa na baridi ambayo mtunzi wa Frostfall alishiriki kuitengeneza, iliuzwa katika duka la Bethesda lilipofunguliwa mwaka 2017. Lakini mwaka 2021 ilitolewa bure kwa kila mwenye Special Edition, na naona hapo ndipo palipokuwa mahali pake. Modi za kanuni, kama zilivyo viraka vya wapenzi vinavyosahihisha makosa ambayo kampuni iliyaacha, huishi kwa sababu mtu alikerwa na jambo fulani, akalirekebisha kwa ajili yake mwenyewe, kisha akawaachia wengine.

The Elder Scrolls VI, itakayoifuata Skyrim, ilitangazwa mwaka 2018 na bado tunaisubiri. Wengi wanaomba ramani kubwa zaidi na picha zinazokaribia uhalisi, na sina shaka watapewa vyote viwili. Ningekuwa na ombi moja, ningeomba waajiri waandishi wa kutosha ili kila mhusika anayekutuma mahali aweze kukueleza kwa maneno jinsi ya kufika huko, halafu mshale uwe ni kitu cha kuwasha kwa anayeutaka. Wasipofanya hivyo, najua mtu atalifanya bure ndani ya mwaka mmoja, na modi yake ndiyo nitakayoipakua kwanza.