Embakasi: matano bado ni machache

Kila mjadala wa gharama za Bunge la Kenya unapozuka, Embakasi haikosi kutajwa: eneo bunge moja la jiji la Nairobi lililokatwa na kuwa matano kabla ya uchaguzi wa 2013. Wabunge watano, ofisi tano, mishahara mitano. Mlipa kodi ana haki ya kuuliza kulikoni.

Jibu limo katika sensa ya 2009. Embakasi ilikuwa na watu 925,775. Lamu Mashariki 18,841. Kila upande mbunge mmoja. Ukigawanya, sauti ya mkazi mmoja wa Kizingitini, Lamu Mashariki, ilikuwa na uzito wa wakazi 49 wa Kayole, Embakasi. Tena si sauti tu. Sheria ya CDF, mfuko wa maendeleo ya maeneo bunge, ya 2003 iligawa asilimia 75 ya fedha sawa kwa sawa kwa maeneo bunge yote 210, na asilimia 25 pekee kwa kipimo cha umaskini. Kwa ile robo tatu, Dandora, Kayole, Umoja, Mukuru kwa Njenga, Njiru na Ruai zilipewa fungu moja kwa pamoja. Shilingi moja ikimfikia mtoto wa Mukuru, wa Lamu Mashariki anafikiwa na 49, na pesa hizo ndizo zilizojenga madarasa na kulipa karo.

Wanaotetea Embakasi ya zamani wana hoja nyingine, nayo si nyepesi: ukubwa ulimlazimisha mgombea kutafuta kura nje ya kabila na mtaa wake, ilhali sasa anaweza kujifungia kwake. Lakini historia ya kura haiwaungi mkono sana. Mwaka 1992 kiti kilikwenda Ford-Asili kupitia Henry Ruhiu. 1997 kikawa cha DP, 2002 cha NARC, mara zote mbili kwa David Mwenje. 2007 Mugabe Were akakitwaa kwa ODM. Alipigwa risasi langoni pake usiku wa kuamkia Januari 29, 2008, na uchaguzi mdogo wa Juni ukampa Ferdinand Waititu wa PNU. Chaguzi tano, vyama vitano. Sheria haikumdai mshindi nusu ya kura. Kumpita wa pili kulitosha. Waliobaki, hata wangekuwa wengi kuliko wafuasi wake, waliambulia patupu. Mgawanyo ulipokuja, 2013 ODM ilipata Embakasi Kusini na Mashariki, TNA ikapata Kati, Kaskazini na Magharibi. Pande zote mbili zilikuwapo siku zote; kiti kimoja kilificha mmojawapo.

Sasa hesabu ambayo wakosoaji huiruka. Kifungu cha 89 cha Katiba kinataka watu wote wagawanywe kwa viti 290, yaani 133,138 kwa kiti kwa sensa ya 2009, na jiji au eneo lenye watu wachache linaruhusiwa kuzidi au kupungua kwa asilimia 40. Watu 925,775 kwa kipimo hicho wanadai karibu viti saba. Walipewa matano yenye jina la Embakasi, nazo Njiru na Ruai zikatiwa eneo bunge la Kasarani. Nairobi nzima ilistahili zaidi ya viti 23, ikapata 17. Pengo hilo lina chanzo: Jedwali la Sita la Katiba lilikataza mapitio ya kwanza ya mipaka kufuta eneo bunge lolote lililokuwapo, na maeneo 27 yasiyotosha watu yakaokolewa. Idadi ya viti ni ile ile 290, kwa hiyo kila kiti kilichookolewa kilikosekana kwingine.

Hofu ya Lamu ya kupoteza kiti naielewa. Mbunge wa Lamu Mashariki huwafikia wapiga kura wa Faza kwa mashua, na Kiunga iko mpakani mwa Somalia. Kwa sensa ya 2019 kipimo ni 164,015, na hata ukipunguza asilimia 40 unabaki na 98,409. Kaunti nzima ya Lamu ina watu 143,920; haiwezi kubeba viti viwili. Na ile kinga ilikuwa ya mapitio ya kwanza tu. Muda wa mapitio ya pili ulipita Machi 2024, IEBC, tume ya uchaguzi na mipaka, ikiwa haina makamishna.

Hata hivyo, umbali na upana wa ardhi vina nyumba yake. Katika Seneti, Lamu huchagua seneta mmoja na Nairobi mmoja, bila kujali idadi ya watu. Bunge la Kitaifa ndilo mahali pekee ambapo mpangaji wa mtaa wa Pipeline, Embakasi, anaweza kudai ahesabiwe kama mtu mzima mmoja.