Mafundi wa Meli Waliochonga Miguu

Mwaka 1916, Vita Kuu ya Kwanza ikiwa imepamba moto, askari wa Uskoti walikuwa wakirudi kwao kwa wingi wakiwa wamekatwa miguu au mikono, na viungo vya bandia vilikuwa haba, kwani Uingereza ilikuwa imezoea kuviagiza kutoka nje. William Macewen, daktari mpasuaji na profesa mjini Glasgow, alikuwa mstari wa mbele kudai askari hao wapate hospitali yao. Wananchi wakachanga, Thomas Aikman akalitoa jumba lake la Erskine bila kudai kodi, na mwezi Oktoba wa mwaka huohuo wagonjwa wa kwanza wakapokewa kwenye makao hayo kando ya mto Clyde.

Ninachokithamini zaidi katika historia hii ni hatua iliyofuata. Macewen aliwaendea wajenzi wa meli wa mto ule, akiwemo Harold Yarrow, akawaomba mafundi. Watu waliokuwa wakichonga kwa mbao mifano ya vipuri vya meli kabla ya chuma kusubiwa sasa walikaa na gogo la mti mwepesi, wakalichimba ndani na kulikwangua taratibu, wakapima tena na tena, mpaka kigutu cha askari kikae humo bila kuchubuka. Hawakutoa sadaka ya mabaki. Walitoa ujuzi uleule uliowapa riziki, na maelfu ya askari wakasimama tena. Kisha karakana zikafunguliwa humo humo, askari wakajifunza kushona viatu, kusuka vikapu na kutengeneza samani, ili wanaporudi kwao waweze kulisha familia zao. Hadi leo Erskine inawatunza maveterani, ingawa tangu mwaka 2000 wamehamia jengo jipya, na jumba la zamani baadaye likawa hoteli.

Nikisoma habari hizi siwezi kutowakumbuka wapagazi wetu, kwa sababu vita ni hivyohivyo na bendera ni ileile. Waingereza waliwaandikisha mamia ya maelfu ya Waafrika wabebe vyakula na risasi katika Afrika Mashariki, na makumi ya maelfu wakafa, wengi wao kwa maradhi na uchovu kuliko kwa risasi. Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi zimebaki na jina la kikosi chao, Carrier Corps. Katika sanamu ya Askari iliyozinduliwa Dar es Salaam mwaka 1927, maandishi yanawataja wapagazi kuwa miguu na mikono ya jeshi.

Maneno hayo hunichoma kila ninapopita pale Mtaa wa Samora, maana miguu na mikono ndiyo hasa iliyokuwa ikichongwa Erskine miaka ileile. Wala haikuwa kwamba fedha hazikuwepo. Mishahara ya wapagazi waliokufa, ambayo ndugu zao hawakuifikia, ilibaki mikononi mwa serikali, na walipotokea watu wakapendekeza itumike kwa manufaa ya Waafrika, walikataliwa. Nina hakika kwamba fedha ile, iliyokuwa jasho la wapagazi wenyewe, ingeweza kuanzisha zahanati na karakana palepale Kariakoo, na mafundi seremala wa pwani, waliojua kuchonga milango na majahazi, wasingeshindwa kuchonga mguu.