Hakuna R1: nani anakaba, wewe au kompyuta?

Kwenye banda la gemu ninalopitia jioni hapa Ngarenaro, Arusha, juu ya televisheni ya pili, kumebandikwa karatasi ya manila yenye masharti matatu. La kwanza: hakuna kukopa. La pili: aliyefungwa anapisha. La tatu liliongezwa majuzi kwa maka peni ya rangi nyingine, herufi kubwa, mwandiko wa mtu aliyechoshwa na kelele: HAKUNA R1.

Kwa asiyecheza, R1 ni kitufe cha juu kulia kwenye padi ya PlayStation, kile kinachokaa chini ya kidole cha shahada. Kwenye gemu ya mpira ya FIFA, ambayo tangu 2023 inaitwa EA Sports FC, ukikishikilia wakati mpira uko kwa mpinzani, mwenzako wa karibu anayeongozwa na kompyuta anatoka kwenda kumbana mwenye mpira. Wewe unabaki na mchezaji wako nyuma yake, unaziba pasi, unasubiri mtu akosee. Waliokulia kwenye PES, gemu pinzani ya mpira, wanakumbuka kazi hiyo ikifanywa na kitufe cha mraba: ukikiunganisha na X, wakabaji wawili walimvamia mtu mmoja kama wapiga debe wa stendi wanavyomvamia abiria mwenye begi.

Sharti hilo lilizaliwa na mechi moja. Chalii mmoja ambaye pale tunamheshimu kwa chenga, anayeweza kukupiga kanzu na tobo kabla hujameza mate, alifungwa mbili bila na mgeni aliyeingia na mfuko wa nyanya za soko la Kilombero. Mgeni hakufanya maajabu. Alikaa nyuma, akashikilia kitufe chake, akapata mpira, akapiga mrefu, goli. Akarudia. Fundi wetu aliweka padi chini akasema, "Huyu hajanifunga. Kompyuta ndiyo imenifunga." Kisha akamgeukia mwenye banda: "Bro, mtu hakabi huyu! Anashika batani moja tu, anaangalia." Kesho yake karatasi ikawa na mstari wa tatu.

Miaka mingi nimekuwa upande wa fundi, kwa hiyo nianze na hoja yake, maana si kilio cha mtu aliyefungwa tu.

Kushambulia kwenye gemu ni kujiweka hatarini. Pasi umeichagua wewe, nguvu yake umeipima kwa muda uliobonyeza, na ikikatwa aibu ni yako. Anayeiachia kompyuta imkabie hana anachokiweka mezani. Hajachagua wakati wa kuingia, hajakosea mguu, hajapitwa. Anasubiri hesabu za mashine zimletee mpira. Mechi ya namna hiyo ina mchezaji mmoja na nusu, na yule nusu ndiye anayebaki na padi.

Watengenezaji wenyewe waliliona hilo mapema. Kabla ya FIFA 12, iliyotoka Septemba 2011, kukaba kulikuwa kazi ya kidole kimoja: unashikilia X, beki wako anamfuata mtu, anamfikia, anampokonya mwenyewe. FIFA 12 ikaleta ukabaji wa kimbinu. X ikawa ya kumganda mtu kwa umbali, na kupokonya kukahitaji kitufe kingine ambacho lazima ukibonyeze kwa wakati wake. Ukiwahi, umepitwa. Ukichelewa, ameshapiga shuti. Watu walilia sana mwaka ule, nami nikiwamo. Nilifungwa idadi ya magoli ambayo sitaitaja hapa. Miaka minane baadaye FIFA 20 ikasogea tena upande uleule: anayekaba kwa mkono wake afaidike kuliko anayeisubiri mashine.

Ukabaji wa kizamani haukufutwa, uliachwa kwenye mipangilio kwa matoleo mengi yaliyofuata. Banda letu liliwahi kupata kashfa kwa sababu hiyo. Kuna chalii alishinda mechi saba mfululizo Jumapili moja, hadi mtu alipofungua mipangilio ya padi yake na kukuta ameuwasha ukabaji wa zamani peke yake, wenzake wote wakihangaika na wa kimbinu. Hakupigwa. Ila kwa wiki kadhaa alikuwa anapanda kifodi kwenda kucheza Sakina.

Mpaka hapo fundi ana haki. Sasa tumtazame yeye.

Upande wake uwanjani kuna watu kumi na moja, mkononi ana padi moja. Sekunde yoyote ile, kumi wanaendeshwa na kompyuta. Winga anayekimbia nyuma ya beki ili apewe pasi ya kupenyeza hakukimbizwa na fundi: ama alikimbia mwenyewe, ama fundi aligusa kitufe cha L1 na mashine ikamaliza iliyobaki. Pasi yenyewe, kama hujabadili mipangilio, inanyooshwa kidogo imfikie mtu hata pale kijiti chako kilipoelekea pembeni. Na kipa? Kipa ni wa kompyuta karibu dakika zote tisini, na sijawahi kusikia mtu akigoma kwa sababu kipa wake ameokoa shuti la kona ya juu bila kuombwa.

Kuna jambo jingine la kuchekesha. Mtu yuleyule anayelalamika saa kumi na mbili kwamba kompyuta inamkabia mwenzake, saa moja utamsikia akipiga kelele, "Angalia mabeki wangu! Wamelala!" Watangazaji wetu wa mpira wana msemo wa hali hiyo: mabeki wanakaba kwa macho. Kompyuta hiyohiyo, mashine hiyohiyo, chumba hichohicho. Akiwa na mpira anaiona ukuta; akiwa hana, anaiona mlango uliosahauliwa wazi.

Nadhani malalamiko yote mawili ni ya kweli, na sababu yake iko kwenye namna beki wa kompyuta alivyotengenezwa. Kwanza ana mahali pake. Mfumo unampa pa kuanzia. Mpira ukihama, mahali pake panahama nao. Ukipandisha safu ya ulinzi kwenye mbinu, anapanda na wenzake. Juu ya hapo kuna namba zake, za kusoma hatari, za kukata pasi, za mbio. Tangu EA Sports FC 25 ya mwaka 2024 kuna pia majukumu: beki wa kati unaweza kumwamuru abaki nyuma au atoke mbele amkabili mtu, na kiungo mkabaji unaweza kumwambia ashuke katikati ya mabeki wawili. Yote hayo yanajibu swali moja: nisimame wapi? Na kwa swali hilo mashine inatushinda, kwa kuwa mtu mwenye padi moja hawezi kusogeza mabeki wanne kwa pamoja hata awe na vidole vya mpiga kinanda.

Swali la pili ni niingie lini, na hapo ndipo inapochemsha. Mshambuliaji akigeuka na mpira nje ya boksi, beki wa kompyuta anarudi, anarudi, anarudi tena, mpaka shuti linapita kando ya mguu wake. Hajalala. Anatunza mahali pake, kama alivyoagizwa. Krosi ya chini inayorudishwa nyuma kutoka mstari wa goli inamwacha hivyohivyo: wote wameshaingia ndani na mpira, hakuna aliyebaki pale penalti inapopigiwa. Uamuzi wa kuacha mahali pako na kwenda kumvaa mtu, ukijua ukikosa ni goli, unapaswa kutoka kwa mwenye padi.

Hii si dosari ya gemu peke yake. Arrigo Sacchi alipokuwa kocha wa Milan ya Italia mwishoni mwa miaka ya 1980 aliwafundisha Tassotti, Costacurta, Baresi na Maldini kusogea kama wamefungwa kamba moja, mara nyingine mazoezi yakienda bila mpira kabisa. Wakachukua Kombe la Ulaya 1989 na 1990. Kusimama kwao kulikuwa kitu cha kukariri, karibu na kile ambacho kompyuta inafanya. Ila nani atoke na nani abaki, Baresi aliamua palepale. Nenda mchana wowote kwenye uwanja wa vumbi wanakocheza watoto, utamsikia kocha akigawa kazi hiyohiyo: wewe mbane, wewe kaa nyuma yake! Mtu wa kwanza anabana, wa pili analinda mgongo. R1, ikitumiwa vizuri, ni hiyo.

Ndiyo maana siwezi kuliunga mkono sharti la tatu.

R1 ina bei yake. Ukiishikilia, kiungo anatoka alipokuwa, na pale alipotoka panabaki shimo. Pasi moja ya haraka kwenye shimo hilo na mabeki wako wanatazamana na straika ana kwa ana. Nilikuwepo siku fundi alipofungwa na mgeni wa nyanya. Karibu kila mara alikuwa na mtu huru upande wa kulia, anapunga mkono kabisa, naye akaenda kupiga chenga katikati ya watu wawili. Chenga mbele ya watu wawili ni kazi ngumu hata uwanja wa Sheikh Amri Abeid kwenye nyasi halisi. Sioni kwa nini iwe rahisi kwenye televisheni ya Ngarenaro.

Halafu sharti lenyewe halitekelezeki. R1 hiyohiyo, timu ikiwa na mpira, ndiyo ya shuti la kuzungusha. Kidole hakiwezi kukiacha kitufe. Nani atakaa katikati ya wachezaji wawili akichungulia vidole, na kusema hapa alishikilia kabla mpira haujapotea au baada? Wameshagombana mara mbili kwa hilo tangu karatasi ibandikwe.

Kuna hoja ya pesa pia, ambayo wachezaji hodari hawapendi kuisikia. Mgeni analipa shilingi mia tano kwa mechi. Akifungwa saba kwa sababu hajui kubadili beki kwa wakati, hatarudi. Atakwenda kununua bando. Kompyuta inapomshikia mabeki mahali pao, anafungwa mbili, anafunga moja, anaona kumbe inawezekana. Banda linaishi kwa watu wa aina hiyo. Fundi akishinda hatoki, anakaa na padi, na kila mechi anayelipa ni yule aliyekuja kufungwa.

Na kwa anayetaka kompyuta iondolewe kabisa, jaribio lipo. FC 25 ilileta Rush, watano kwa watano, ambapo wachezaji wa ndani wanne kila mmoja anaweza kuwa na mtu wake na kipa peke yake ndiye wa mashine. Tulicheza jioni kadhaa na wenzangu kwenye intaneti. Ulikuwa mchezo wa washambuliaji wanne. Mpira ukipotea, kila mtu anasubiri mwenzake arudi, na kipa wa kompyuta maskini anabaki kuangalia watatu wanamjia. Sikuwahi kuwakumbuka mabeki wangu wa kompyuta kama siku zile.

Wanaocheza eFootball, mrithi wa PES, kwenye simu huu ugomvi hawaujui hata kidogo. Binamu yangu wa Pasua, Moshi, ananishangaa. Kidole gumba chake kinaziba theluthi ya kioo, vitufe ni picha tu zisizo na mwisho wala mwanzo, na bila mashine kumsaidia kukaba asingemaliza kipindi cha kwanza. Kwake msaada huo hauna tofauti na nyasi au taa za uwanja: vipo tu.

Kinachonikera mimi hakiko kwenye karatasi ile. Ni pale beki ambaye hajaguswa na mtu anaponyoosha mguu mwenyewe na kukata pasi iliyopigwa vizuri, au mpira unapogonga goti lake na kurudi kwake mara tatu kama umefungwa uzi. Hapo mashine imevuka kutoka swali la wapi hadi swali la lini, na imejibu kwa niaba ya mtu aliyekuwa anakunywa soda. Hilo mwenye banda hawezi kulikataza. Liko ndani ya programu. FC 26, iliyotoka Septemba 2025, imegawa uchezaji mara mbili, mmoja wa wanaoshindana mtandaoni na mwingine wa wanaotaka mpira unaofanana na wa kweli. Naona wametambua kwamba fundi na mgeni wa nyanya hawatafuti gemu moja.

Juzi nilimwambia mwenye banda afute mstari wa tatu, aandike badala yake kwamba kila mechi ianze kwa kuonyeshana mipangilio ya padi, na ukabaji wa zamani marufuku. Hilo linaonekana kwa macho, halihitaji refa wa vidole. Alitazama karatasi, akatazama foleni ya vijana kwenye benchi, akaniambia, "Kaka, wazo zuri. Lakini maka peni imekauka, na wewe unadaiwa mechi ya jana."