Knox Mwenyewe Yuko Dirishani

Jumapili iliyopita, kwenye matangazo, mzee mmoja wa kamati ya ujenzi alisimama akatuambia yale madirisha mawili ya vioo vya rangi yanang'olewa. Tunawekewa ya alumini, ya kuteleza, vioo vyeusi kama vya matatu. Sababu? "Picha ni mambo ya Kikatoliki, sisi ni Wapresbiteri." Watu wakapiga makofi. Nilinyamaza kwa adabu tu. Leo adabu imeisha.

Haya, kama ni Upresbiteri halisi tunaoutafuta, twende kanisa la St Giles', Edinburgh, kwenye mimbari ya John Knox, mwanzilishi wa Upresbiteri wa Uskoti. Nakubali, shingo upande: Matengenezo, yale mageuzi ya Waprotestanti waliojitenga na Roma, yalipofika Uskoti mwaka 1560, madhabahu na sanamu zilitolewa na kuta zikapakwa chokaa. Kanisa la Uskoti lilikaa karibu miaka 300 bila kuweka kioo kipya cha rangi, mpaka kanisa la Greyfriars, hapo hapo mjini, walipothubutu mwaka 1857. Mzee wetu amesoma mpaka ukurasa huo, akafunga kitabu.

Ukurasa unaofuata ni huu. William Chambers, mchapishaji vitabu, alipofadhili ukarabati wa St Giles', madirisha ya rangi yalikuwa sehemu ya mpango. Kampuni ya Ballantine, mafundi wa vioo, ikaanza na maisha ya Kristo mwaka 1874, na kufikia 1877 dirisha kubwa la mashariki lilikuwa tayari: Kusulubiwa na Kupaa. Mwaka 1881 wakaweka lingine, la kuuawa kwa Moray, aliyekuwa akitawala kwa niaba ya mfalme mtoto. Na anayeonekana akihubiri kwenye mazishi yake ni nani? Knox! Ndani ya kioo cha rangi, ndevu na yote. (Kaburi lake, wanasema, liko chini ya maegesho ya magari nje ya kanisa, namba 23. Uskoti nao wana kamati zao.)

Misheni ya Waskoti ilipohamia Thogoto, hapa Kenya, mwaka 1898, picha za kwanza zilikuwa na zaidi ya miaka 20 pale St Giles'. Waliotuletea imani hii walitoka kwenye kanisa lililokwisha kumaliza ugomvi huu. Sisi ndio tunaufukua.

Halafu kuna Robert Burns, mshairi wa Uskoti. Mwaka 1786 kanisa la Mauchline lilimsimamisha mshairi huyo mbele ya washirika wote akemewe, kwa sababu ya Jean Armour na mimba ya nje ya ndoa. Tunaijua hiyo shughuli, mpaka na akina mama wa Guild, chama cha wanawake kanisani, wanaotikisa vichwa. Mwaka 1985 St Giles' wakampa dirisha kubwa la magharibi, kazi ya Leifur Breiðfjörð wa Iceland: chini kijani cha mashamba, katikati watu wa kila namna, juu jua linalochanua jekundu kama waridi. Kanisa lililomwaibisha mtu limemweka juu ya mlango wake, na kila anayetoka ibadani anapita chini yake. Nionyesheni mahubiri ya msamaha yaliyodumu hivyo. Ndiyo maana nakasirika: kanisa huandika kwenye madirisha yake hata yale liliyoyabadilishia mawazo. Alumini itaandika nini, namba ya simu ya fundi?

Yetu si ya Ballantine, najua. Lile la Galilaya lina kipande chekundu chenye kipovu cha hewa ndani, na ibada ya kwanza bluu ya ziwa hushuka hadi kwenye vitabu vya nyimbo vya safu ya mbele. Watoto huweka viganja vyao hapo. Sijawahi kumwona mtoto akiabudu kiganja.

Na ndiyo, madini ya risasi yanayoshika vioo yamelegea, mvua ikipiga benchi la tatu linalowa, na mafundi wa kazi hiyo ni wachache na ghali. Hata St Giles' hawakubaki na kila kitu: dirisha la manabii la Daniel Cottier, la 1886, liliondolewa ili la Burns lipate nafasi. Lakini walilitoa la rangi wakaweka la rangi.