Kabla ya kuhesabu chupa za maji, tuhesabu tiketi za ndege

Kazi yangu hapa Ulaya ni ya kumbi za mikutano na maonyesho ya biashara: kusimamisha mabanda, kutandika mazulia, kufunga taa na spika, kisha kuvibomoa vyote wageni wakiondoka. Nilikuwa nikiifanya nyumbani Afrika Mashariki kabla ya kuja huku. Kwa hiyo ninaposikia kwamba sekta hii huku iko mbele katika kupunguza hewa ukaa, na kwamba sisi kazi yetu ni kufuata tu, ninakubali nusu na nusu ninaikataa kabisa.

Wanachotuzidi ni kuhesabu. Novemba 2021, kwenye mkutano wa tabianchi wa COP26 mjini Glasgow, wadau wa sekta hii walizindua ahadi ya Net Zero Carbon Events: kupunguza uzalishaji wa gesijoto kwa nusu ifikapo 2030, na kuufikisha sifuri halisi, yaani kinachobaki kifidiwe kwa kuondolewa hewani, ifikapo 2050. Kabla ya hapo kulikuwa na ISO 20121, kiwango cha kimataifa cha kuandaa matukio bila kuharibu mazingira, kilichotolewa mwaka 2012 sambamba na Olimpiki ya London. Karatasi hizo zina kazi. Katika ukumbi unaofuata utaratibu huo, umeme unasomwa kwenye mita na taka zinapimwa uzito kabla lori halijaondoka. Nyumbani, muulize mwandaaji jenereta limekunywa dizeli kiasi gani kwa siku zote za kongamano. Mara nyingi hana jibu, kwa sababu jenereta lilikuja pamoja na ukumbi na bili yake imo humohumo. Hili tuige bila kuona haya.

Lakini njoo usiku wa kubomoa. Mgeni wa mwisho akishatoka, zulia lililokanyagwa siku chache tu linang'olewa kipande kwa kipande, mkanda wa gundi ukiwa bado umeng'ang'ania sakafu, linakunjwa na kwenda moja kwa moja kwenye kontena la taka. Kuta za mbao zilizopakwa rangi wiki hiyohiyo zinapigwa msumeno. Ukiuliza, unaambiwa kuzisafirisha na kuzihifadhi ghalani ni ghali kuliko kutengeneza nyingine. Mabango nayo yamechapishwa tarehe na mwaka, hivyo hata aliyetaka kuyatunza hawezi. Nyumbani tulikuwa na fremu za chuma za kukodi, mahema yaleyale na viti vilevile, mwaka baada ya mwaka, na fundi aliyejua kuiziba hema iliyochanika. Wapo wanaouona huo ni unyonge. Mimi ninauona ni ufundi, na inaniuma tunapoanza kuuacha ili tufanane na huku.

Hata hivyo, zulia si kiini cha jambo. Kiini ni safari. Mwaka 2019 wanasayansi wapatao 28,000 walikusanyika San Francisco kwa mkutano wa mwaka wa American Geophysical Union, chama cha wanasayansi wa dunia na anga. Uchambuzi uliotoka mwaka uliofuata katika jarida la Nature ulikadiria kwamba safari zao za kwenda na kurudi zilitoa takriban tani 80,000 za gesijoto, yaani kama tani 3 kwa kila mtu, na sehemu kubwa ilitokana na ndege za masafa marefu. Ukiondoa kila chupa ya plastiki ukumbini, hesabu hiyo haitikisiki. Na kiti cha daraja la biashara kwenye safari ndefu hubeba mzigo wa hewa ukaa unaokaribia mara tatu ya kiti cha kawaida, kwa sababu kinakula nafasi kubwa zaidi ndani ya ndege.

Hapo ndipo wasiwasi wangu unapoanza. Ikiamuliwa kupunguza wasafiri, wa kwanza kufutwa kwenye orodha atakuwa nani? Ninaogopa ni mjumbe wa kutoka nyumbani, ambaye tayari anahangaika na viza na mara nyingi ananyimwa. Wa huku hupanda treni asubuhi, akahudhuria, akalala kwake. Kupunguza kwa mtindo huo ni kutufungia mlango.

Njia bora ipo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 katika Nature Communications ulionyesha kwamba kuhamishia mkutano wote mtandaoni kunapunguza hewa ukaa kwa asilimia 94, na kwamba vituo vya kanda, yaani kumbi kadhaa zilizo karibu na washiriki na kuunganishwa mtandaoni, vikichaguliwa vizuri vinaweza kuipunguza kwa theluthi mbili huku zaidi ya nusu ya washiriki wakiendelea kukutana ana kwa ana. Kwetu hili lina faida ya pekee: kati ya Ulaya Magharibi na Afrika Mashariki saa zinatofautiana kwa moja hadi tatu tu. Hakuna wa kuamshwa usiku wa manane.

Sharti kituo kiwe kituo kweli. Nimefunga kamera nyuma ya ukumbi mara nyingi, nikaona kinachofuata: msimamizi anachukua maswali ya waliokaa mbele yake, muda unakwisha, na mikono ya walio mtandaoni inabaki imeinuliwa kwenye skrini. Kituo kinahitaji mwenyekiti wake, mada zake, na zamu yake ya kuuliza kwanza.

Na sisi nyumbani tuambizane ukweli. Posho ya safari imegeuka mapato, ndiyo maana mkutano wa mtandaoni unapokewa kama kunyang'anywa haki. Misafara inakuwa mirefu kuliko kazi iliyopo. Huku nako yupo anayevuka bara kwa hotuba ya dakika ishirini na kurudi jioni ileile. Wote wawili wanaweza kubaki walipo.

Ninachowaomba waandaaji, wa huku na wa nyumbani, ni kuangalia washiriki wanaishi wapi kabla ya kuchagua mji, kisha kutangaza makadirio ya tani za safari palepale wanapotangaza ada ya kushiriki. Mkutano wa dunia ukifanyika huku mwaka huu, ujao uende kwingine. Na fremu za kukodi zisiachwe.