Utabiri wa Mlango Mwekundu

Mizigo ya Katwe, mtaa wa hapa Kampala, kwa asiyeijua, ni vyumba vya kupanga vilivyopangwa mstari mmoja, na ukuta unaotenganisha chumba na chumba haufiki kwenye bati. Jirani akipiga chafya unamwambia afya ukiwa umelala kitandani kwako. Nalijua hilo vizuri, ila msimamizi wa mchezo akishapandwa na mzuka hakumbuki habari za bati.

Mchezo wenyewe ni Dungeons & Dragons, ule uliotoka Marekani mwaka 1974. Mnakaa mezani, mmoja anajifanya shujaa, mwingine mwizi, mwingine mchawi, na mimi nasimulia dunia nzima na kuigiza waliobaki wote, kuanzia mfalme hadi mbuzi wake. Mkikwama, mnarusha dadu yenye nyuso 20. Wenzangu ni Mkongo anayeuza vitenge na mwanafunzi mmoja Mkenya, mimi nimekulia kambi ya polisi, ambako Kiswahili ndiyo lugha ya kazi, kwa hiyo tunauana na kufufuana kwa Kiswahili.

Jumamosi hiyo mashujaa walikuwa wamfikie kizee wa pangoni awatabirie. Nikaona nisiwape maneno matupu. Nikaenda soko la Owino nikanunua simbi za kupigia ramli, kahawa yenye maganda yake, na kipande cha lubugo, kile kitambaa cha gome la mti ambacho Waganda huvaa kwenye shughuli nzito na huzikia wafu wao. Jioni umeme ukakatika. Nikawasha mshumaa, na kusema kweli mandhari yalipendeza kupita kiasi.

Utabiri wa mchezoni una ufundi wake: lazima uwe kweli bila kueleweka. Ukimwambia mchezaji kesho ataumwa na nyoka, kesho hatoki nyumbani, na hadithi imekufia mkononi. Inasimuliwa kwamba mfalme Croesus wa Lydia aliambiwa na watabiri wa Delphi kuwa akiwavamia Waajemi ataangusha dola kubwa. Akavamia. Iliyoanguka ikawa ya kwake. Basi nikatupa simbi juu ya lubugo, nikaishusha sauti mpaka tumboni:

"Mjane amekalia dhahabu, wala hajui! Mrefu kuliko wote ana deni, na mwenye kudai yu njiani! Na mlango mwekundu, ole wake atakayeufungua kabla jogoo hajawika!"

Mjane alikuwa malkia wa visiwa vya chumvi. Mrefu alikuwa jitu la darajani. Mlango mwekundu ulikuwa wa kaburi. Mkenya akaandika kila neno. Upande wa pili wa ukuta redio ya betri ikazimwa ghafla, kisha nyingine, kisha nyingine.

Sasa nikueleze ua wetu. Mwenye nyumba ni Hajati, Mnubi wa Bombo, mumewe alishafariki. Chumba cha mwisho anakaa polisi mstaafu, tunamwita Afande, ambaye kila mlango wa ua huu anauingia ameinama. Na choo chetu, kimoja kwa vyumba vyote, kina mlango wa bati uliopakwa rangi nyekundu.

Usiku wa manane nikatoka na tochi kwenda kujisaidia. Nikakuta watu wamesimama hatua chache kutoka chooni, kimya kama wanalinda benki. Fundi vyuma alikuwa ameshika ukuta kwa mikono miwili, miguu ameipishanisha, jasho linamtiririka.

"Jogoo bado," akaninong'oneza.

"Jogoo gani?"

Hapo ndipo mama mmoja alipokumbuka kuwa jogoo wa pekee wa ua huo alikuwa wa Hajati, na tulimla Idi. Kikapita kimya kizito. Wote wakanigeukia.

"Mganga," fundi akasema, sauti imebana, "akiwika mtu, inahesabika?"

Nikaanza kueleza kuhusu malkia na visiwa vya chumvi. Hawakuwa na muda huo. Nikasema inahesabika. Sijawahi kusikia binadamu akiwika vile, na fundi hakungoja mwangwi uishe, alishafika mlangoni.

Alfajiri Afande akabisha hodi, kavaa koti lake la zamani la kazi. "Kijana, unaijua sheria ya uchawi ya mwaka 1957?" Akaingia, akafunga mlango, akainama zaidi ya kawaida yake. "Hilo deni nani kakwambia? La dukani, au lile lingine?" Nikamwapia sijui hata moja. Akanisihi mkewe asisikie, akaacha shilingi 5,000 juu ya lubugo.

Mpaka saa tatu mlangoni kwangu kulikuwa na benchi. Nikafikiri nitawafukuza kwa kanuni. Nikawaambia uganga wa mchezo wetu, katika toleo la mwaka 2014, una majibu manne tu: heri, shari, heri na shari pamoja, au hakuna lolote. Na ukirudia kuuliza kabla ya kulala, kila kurudia kunaongeza asilimia 25 ya kupata jibu la kubahatisha. Mama mmoja akatikisa kichwa kwa heshima. "Waganga wengine hawakwambii hivyo," akasema. Benchi likajaa zaidi.

Hajati hakuja kuuliza. "Mimi nimeshahiji, mambo hayo siyaamini," nilimsikia akisema juu ya ukuta. Kisha nikasikia kochi likiburutwa, halafu jembe. Alichimba sebuleni kwake, pale pale anapokaliaga, mpaka jembe likapasua bomba.

Maji yakaja chumbani kwangu, yakabeba kahawa, simbi na dadu. Majirani wakaja na jerikani za lita 20, na Hajati, sketi ameikunja, akasimama mlangoni akikusanya sarafu mpaka fundi bomba alipopatikana. Ndipo akanifuata, mkoba wake umetuna.

"Si nilikuwa nimeikalia?" akasema. "Sasa, mwanangu, mwezi ujao utaongeza shilingi 50,000 kwenye kodi."

"Kwa nini, Hajati?"

"Mimi nilikukodisha chumba cha kulala. Hii ni ofisi."

Nikageuka nitafute pa kukaa nibishane naye vizuri. Kiti changu kilikuwa na mteja, miguu ndani ya maji, amepakata jogoo wa malipo. Hajati akamchukua, akampima uzito kwa mkono.

"Huyu hachinjwi," akaamuru. "Mfungeni karibu na choo."