Kanisa si hospitali, sawa, lakini nani atamshikia mama mtoto?

Wiki mbili zilizopita kwenye kikao cha kanisa letu huku Kayole, mama mmoja aliomba tupange zamu ya kukaa na watoto wenye ulemavu wakati ibada inaendelea. Mzee wa kanisa akamjibu "kanisa si hospitali," watu wakapiga makofi na hoja ikafia hapo. Mimi bado inanikwaruza.

Mzee ana pointi na sitambeza. Makanisa mengi ya mtaa ni mabati na tenti, kodi ya ploti yenyewe ni vita, na mtu asiyejua kushughulikia mtoto wa kifafa anaweza kumuumiza. Halafu baada ya Shakahola 2023, pale waumini walipofunga hadi kufa kwa kumfuata mhubiri wao, sote tunaogopa kanisa linalojifanya kujua kila kitu kuhusu mwili wa muumini. Kama anamaanisha pasta asijifanye daktari, niko na yeye kabisa.

Lakini kwani nani aliomba matibabu? Masaa mawili tu ndiyo yaliombwa.

Huyo mama hukaa kwa veranda, kiti cha plastiki. Kijana wake ana miaka 13, ana mtindio wa ubongo, na kila Jumapili anambeba mgongoni kutoka gorofa ya nne kwa ngazi ambazo kiti cha magurudumu hakiwezi. Mkono mmoja unashika Biblia, mwingine una leso ya kumpangusa mate, na kwaya ikianza kijana anapiga kelele kwa furaha, watu wanageuka kuangalia, kwa hivyo mama amejifunza kukaa nje kabla hajaambiwa. Nilimuuliza anataka nini zaidi, nikidhani atasema pampasi ama pesa ya fizio. Akaniambia, "Dadangu, nisikize tu mahubiri moja mpaka mwisho."

Serikali kupitia Inua Jamii inatoa shilingi 2,000 kwa mwezi kwa familia zilizoandikishwa zenye mtu mwenye ulemavu mkubwa. Ni msaada, lakini hata hiyo pesa ikifika haitamshika kijana mama aoge.

Sensa ya 2019 ilisema asilimia 2.2 ya Wakenya wa miaka 5 na zaidi wana ulemavu. Hebu tupige hesabu: sisi ni kama 600 siku ya Jumapili, inafaa tuwe na 13 hivi, na mimi nawajua watatu. Wale kumi wako wapi? Na hiyo hesabu ni ya chini. Sensa ya 2009 ilikuwa asilimia 3.5, na sidhani watu walipona, njia ya kuuliza ndiyo ilibadilika. Mwaka wa 2019 waliulizwa kuhusu kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka, kujihudumia na kuwasiliana, sasa kijana anayetembea vizuri lakini anasikia sauti usiku kucha, familia yake imehesabiwa wapi?

Hizo familia za ugonjwa wa akili ndizo zinaniuma zaidi. Maombi wanayataka, na wasinyimwe. Kinachowaumiza ni kuambiwa "tupa dawa uamini," mgonjwa anazidiwa, jamaa wanaanza safari ya Mathari, hospitali ya wagonjwa wa akili, usiku, kisha Jumapili hakuna anayewauliza habari. Pasta ndiye hupigiwa simu saa nane za usiku kabla ya daktari, kwa hivyo pasta anayeomba halafu anauliza "na dawa ya leo umemeza?" amefanya kazi kubwa sana.

Ati hatuna watu? Kwa matanga tunapanga zamu ya kupika siku tano mfululizo, na mama akijifungua akina mama wanajua nani analeta uji siku gani.

Nimeongea na mama wa veranda. Jumamosi anakuja kunionyesha vile kijana hushikwa kichwa akinyweshwa uji asipaliwe, na Jumapili nitakaa na kijana mimi, karibu na mlango, ndio naye asikie kwaya.